Mwaka wa sita na Parkinson hapa Nairobi: nimejifunza kuishi kwa saa za tembe

FundiMama (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wadau. Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani kwa miaka mingi. Leo naanzisha uzi kwa sababu ya mama mmoja aliyekuja dukani kwangu Umoja wiki jana kuchukua sare ya mtoto. Nilipokuwa nikimhesabia chenji aliutazama mkono wangu wa kulia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe pia?" Kisha akaketi kwenye benchi la wateja akalia. Mumewe amepewa majibu mwezi uliopita: Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili. Tuliongea mpaka nikawasha taa. Alipoenda zake nikatambua kwamba mengi niliyomwambia hakuna aliyeniambia mimi wakati ule, na nikaona heri niyaandike mahali ambapo mwingine atayakuta.

Mimi ni fundi cherehani. Nina miaka 49, na majibu yangu niliyapata nikiwa na 43. Wengi hupatwa wakishapita miaka 60, kwa hivyo kila niliyemweleza alinijibu kuwa huo ni ugonjwa wa wazee. Sisi wa chini ya 50 pia tupo. Na mwili wangu ulikuwa umeshanipa habari mapema, ila sikujua kuzisoma.

Kwanza pua. Miaka kama mitatu kabla mkono haujaanza kutetemeka, maharagwe yaliungua jikoni mimi nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka hapo. Binti yangu ndiye aliyeingia mbio kutoka nje akipiga kelele. Mimi sikunusa kitu. Nikadhani ni mafua.

Halafu mwandiko. Kila fundi ana kitabu cha vipimo: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Kitabu changu cha mwaka ule ninacho hadi leo. Kurasa za Januari ni maandishi yangu ya siku zote. Kufika Agosti kila mstari unaanza vizuri, halafu herufi zinapungua na kupungua, mpaka neno la mwisho limekuwa kama nyayo za sisimizi. Msichana aliyekuwa akinisaidia kazi alikata suruali ya mteja ikawa fupi kwa sababu hakuweza kusoma kama nimeandika 40 au 46. Nilimgombeza mbele ya watu. Baadaye daktari aliponiambia kuwa mwandiko kusinyaa ni mojawapo ya dalili, nilimtafuta yule msichana Kariobangi nikamwomba msamaha.

Bega la kulia nalo likakaza. Kliniki moja ilinitibu baridi yabisi zaidi ya mwaka mzima. Siku nilipofika kwa daktari wa neva aliniambia nitembee tu kwenye korido, niende nirudi. Akasema, "Mama, mkono wako wa kushoto unacheza unapotembea. Wa kulia umebaki pembeni kama umebeba ndoo." Ndivyo nilivyoanza kupewa jina la kitu kilichokuwa kinanisumbua.

Naendelea hapa chini, nisimalize nguvu za vidole mara moja.

FundiMama

Sasa jambo lenyewe nililokuja kusema.

Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo mwili hutumia kupanga mwendo. Kwetu sisi seli hizo hufa polepole, na dalili zinapoonekana wazi sehemu kubwa huwa imeshakwenda. Tembe ninazomeza zina levodopa na carbidopa. Levodopa ikifika kwenye ubongo hugeuzwa kuwa dopamini, na carbidopa huizuia isigeuzwe njiani kabla ya kufika, jambo ambalo pia hupunguza kichefuchefu. Haiponyi ugonjwa. Inakupa saa kadhaa za mwili kutii, kisha inaisha na inabidi umeze nyingine.

Kwa hivyo siku yangu haina saa zinazolingana. Kuna saa dawa imewaka na kuna saa imezima. Ikiwaka ninakata kitambaa, natembea, nacheka. Ikizima, kufunga kitufe kimoja cha blauzi kunachukua muda wa chai kupoa. Miaka miwili ya kwanza sikuelewa hilo. Nilidhani mimi ni mgonjwa siku nzima, au ni mzima siku nzima, kulingana na nilivyoamka. Nikawa nalala na wasiwasi wa kesho itakuwaje.

Kilichonitoa hapo ni daftari la shule la kurasa 48. Wiki mbili nzima niliandika mambo matatu tu: saa niliyomeza tembe, saa niliyokula na nilichokula, na mwili ulivyokuwa. W kwa kuwaka, Z kwa kuzima. Saa kumi na mbili asubuhi nimeze, saa moja kasorobo W. Saa nne nimeze, saa tano kasorobo W. Saa nane nimeze... Z. Saa tisa Z. Saa kumi Z. Karibu kila siku hivyo, isipokuwa Jumapili.

Nikakaa nikajiuliza Jumapili kuna nini. Jumapili nakula saa tisa baada ya kanisa. Siku za kazi nakula saa saba na nusu, na ninachokula ni githeri ya yule mama wa kibanda, sahani imejaa maharagwe. Daktari alipoona daftari alitabasamu. Protini ikishasagwa tumboni hupita mlango uleule ambao levodopa hupitia kutoka kwenye utumbo na kuingia kwenye ubongo. Maharagwe, nyama, mayai na maziwa vikitangulia, tembe inasubiri foleni. Miaka miwili nilikuwa nikilaumu ugonjwa kwa kazi ya sahani.

Siku hizi tembe naimeza nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada ya kula, na maji matupu. Mchana nakula viazi, ugali kidogo na sukuma wiki, au wali na kabichi. Protini yangu naila usiku, ndengu, samaki, au nyama kama ipo, wakati sina kitambaa cha mtu mikononi. Sisemi muache protini, mwili unaihitaji. Nasema saa yake ihamishwe, na mzungumze na daktari kwanza kwa sababu si kila mmoja anaathirika vilevile.

Na hili ndilo lililonigharimu zaidi kulikubali. Saa zangu nzuri nilikuwa nikizitumia kufua, kudeki na kuosha vyombo, ili majirani wasiseme mama fulani amekuwa mvivu. Nikifika dukani nimeshachoka na dawa inaelekea kuzima. Kazi ninayoipenda, niliyosomea, ikawa inapata makombo. Sasa saa moja hadi saa tatu na nusu asubuhi ni za mkasi. Nguo chafu zinasubiri binti yangu au zinafuliwa nikiwa nimekaa kwenye kigoda, kidogo kidogo. Mwenye kusema na aseme. Saa mbili na nusu za kukata kitambaa vizuri zinanifanya mtu siku nzima.

KijanaWaKayole

Asante sana mama kwa kuandika. Nimesoma nikiwa kwenye matatu na imebidi nishuke steji yangu nimalizie nikiwa nimesimama.

Babangu ana miaka 67, huu ni mwaka wa nne. Kinachonitoa machozi ni kuganda. Anatembea vizuri tu, akifika mlangoni miguu inagoma, kana kwamba imepigiwa misumari. Mwezi uliopita nilimpeleka mjini, tukarudi kupandia karibu na Odeon. Mguu wa kwanza kwenye ngazi ya matatu, wa pili haukuja. Makanga akampigia kelele, "Mzee amua, unapanda ama hupandi!" Mtu nyuma akamsukuma. Mzee wangu alikuwa mwanajeshi. Tulipofika nyumbani aliniambia hatoki tena, na tangu siku hiyo hajatoka nje ya geti.

Je, kuna njia yoyote, au ndio basi?

FundiMama

Mwanangu, pole. Mpe baba salamu zangu, mwambie kuna fundi wa Umoja aliyegandishwa katikati ya barabara ya lami taa zikiwa zimeshabadilika.

Njia ipo. Miguu haijafa wala haijalemaa. Kinachokosekana ni ile amri ya mwendo ambayo kwa watu wengine hutoka yenyewe bila kufikiriwa. Ukimpa ubongo kitu cha nje cha kushika, mara nyingi mguu unanyanyuka. Mimi niligundua hilo dukani kwa bahati. Kipande cha chaki ya fundi kilianguka kikajichora sakafuni, nami nilikuwa nimeganda kati ya meza ya kukatia na cherehani. Nikautazama ule mstari, nikaamua kuuruka, na nikauruka. Niliporudi nikachora mingine, mistari minene ya kukatiza, kila mmoja umbali wa hatua moja, kuanzia mlangoni hadi kwenye kiti changu. Daktari wa mazoezi ya viungo aliniambia ni jambo linalojulikana na hufundishwa kabisa. Nyumbani tumebandika tepu nyeupe sakafuni kwenye kila mlango na kwenye kona ya choo.

Nje ambako huwezi kuchora, fanya hivi. Akiganda, asilazimishe na wewe usimvute mkono, maana ukimvuta mwili unakuja mbele miguu ikibaki, na hapo ndipo watu wanavunjika nyonga. Asimame wima. Apumue. Ahamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kushoto, kulia, kushoto, kama anayebembeleza mtoto. Kisha ahesabu kwa sauti na akanyage kwa nguvu kwenye "tatu". Wewe unaweza kuweka mguu wako mbele ya wake kwa pembeni, yeye auruke. Na ikiwa alikuwa mwanajeshi, ana silaha ambayo mimi sina: gwaride. Mwambie ahesabu kushoto-kulia kama zamani. Kugeuka pia asizungushe mwili mahali pamoja, azunguke kwa duara pana kama gari kubwa.

Matatu: panda dawa ikiwa imewaka, na usipande saa kumi na moja jioni. Simama mbele kabisa, mwambie makanga kabla mzee hajafika kwenye ngazi, "Baba ana ugonjwa wa neva, tupe dakika moja." Tisa kati ya kumi ninaowaambia mapema wananishika kiwiko. Wanaokasirika ni wale walioshtukizwa.

WakiliMdogo

Niongeze moja tu kwa kijana wa Kayole. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na haki ya kuvifikia vyombo vya usafiri wa umma. Mzee hajaomba hisani pale kwenye ngazi. Na akitaka, anaweza kuomba kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kukaguliwa na madaktari. Wengi wenye magonjwa ya neva hawajui kama inawahusu.

Nesi_Mstaafu

Nimefanya kazi wodini miaka 31, nyingi kati ya hizo katika hospitali za umma hapa jijini. Fundi ameeleza vizuri kuliko vipeperushi vingi. Naomba niseme matatu ambayo nimeyaona yakiumiza watu, yasomwe polepole.

La kwanza: msiache tembe ghafla. Si kwa sababu zimeisha na mshahara haujafika, si kwa sababu ya maombi, si kwa sababu mgonjwa ameonekana mzima wiki mbili. Kuacha levodopa kwa ghafla kunaweza kuleta kukakamaa kukali, homa na kuchanganyikiwa, na mtu anaweza kufa. Zikibaki za siku kumi, anza kutafuta nyingine siku hiyo.

La pili: kuna dawa za kawaida ambazo kwa mgonjwa wa Parkinson ni adui, kwa sababu zinaifunga ileile dopamini tunayoihangaikia. Metoclopramide, ambayo watu wengi hupewa wakitapika, ni mojawapo. Haloperidol, inayotumika kumtuliza mgonjwa aliyechanganyikiwa, ni nyingine. Yaandikeni majina haya kwenye karatasi, ikae kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Muuza dawa hawezi kujua mgonjwa ana nini msipomwambia. Na wanaomeza vidonge vya madini ya chuma, wasivimeze pamoja na levodopa, vinapunguza nguvu yake.

La tatu: mgonjwa akilazwa kwa jambo lingine, hata malaria, saa zake za tembe zisivurugwe. Wodi ina ratiba yake ya dawa, na mgonjwa wa Parkinson ana yake. Nimeona mzee akiitwa mkaidi kwa sababu hataki kugeuka kitandani, kumbe tembe yake ya saa nne inasubiri mzunguko wa saa nane. Mwambie nesi wa zamu, na umwambie tena zamu ikibadilika.

Mdau_Rongai

Swali kwa nesi na kwa mama fundi. Mjomba ametuletea unga wa upupu kutoka kwa mganga wa mitishamba, anasema unatibu kutetemeka bila kemikali. Mama yangu anataka kuacha tembe atumie huo. Ni uongo mtupu au kuna kitu?

Nesi_Mstaafu

Kuna kitu, na ndiyo sababu ni hatari. Mbegu za upupu, ule mmea ambao manyoya ya ganda lake huwasha ngozi hadi mtu akatamani kujichuna, zina levodopa ya kweli. Huko India zimetumika tangu enzi za kale kwa magonjwa ya kutetemeka. Kwa hivyo mama akitumia huenda akajisikia nafuu, na mjomba atasema si niliwaambia.

Tatizo ni kipimo. Tembe ina miligramu zilizoandikwa ubavuni. Kijiko cha unga hakuna ajuaye kina ngapi, na kijiko cha leo si sawa na cha wiki ijayo. Hakina carbidopa, kwa hivyo kichefuchefu huja. Na akichanganya na tembe zake bila kusema, anajikuta amemeza mara mbili, mwili unaanza kujinyonganyonga na shinikizo la damu linashuka akisimama. Anayesema haina kemikali hajui kilichomo. Mpelekeni kliniki na huo unga mkononi, muuweke mezani mbele ya daktari. Msiuonee haya.

FundiMama

Kwenye kujinyonganyonga hapo, wengi hawajui. Kutetemeka ni ugonjwa. Ule mchezo mwingine, mabega na kichwa kwenda kama mtu anayesikia muziki, mara nyingi ni dawa imezidi kwa wakati huo. Kwangu ulianza mwaka wa tano, kama saa moja baada ya kumeza. Wateja wakadhani nimezidiwa, kumbe hiyo ndiyo saa ninayoweza kutembea hadi sokoni na kurudi. Nilimwambia daktari, akapunguza kiasi cha kila tembe na kusogeza saa karibu karibu. Daftari tena ndilo lililomwonyesha.

Jingine la kuwaeleza watu wenu: mkono unatetemeka zaidi ukiwa umepumzika, na unatulia ukishika kazi. Ndiyo maana naweza kupitisha mshono ulionyooka na nisiweze kukaa kanisani mkono ukiwa mapajani. Hofu na haraka pia huuongeza. Ukinitazama sana nikilipa kwa simu, vidole vinabonyeza namba mara mbili.

Bintiye_Mama_Eastleigh

Assalamu alaikum, na shikamoo dada yangu fundi. Sisi ni watu wa Lamu ila tuko Eastleigh miaka mingi. Mama yangu ana Parkinson mwaka wa tatu.

Nataka kusema kuhusu Ramadhani kwa sababu najua kuna nyumba nyingi zenye shida hii zikinyamaza. Mwaka wa kwanza mama alifunga bila kutwambia. Alimeza tembe daku, akakaa. Kufika adhuhuri hakuweza kuinuka kwenye mkeka wa kusalia. Nilimkuta amesujudu na hawezi kurudi juu, paji la uso limekwama chini, machozi yamelowesha mkeka. Sijui alikuwa hapo muda gani.

Tulikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu. Akamsomea aya ya Suratul Baqara inayompa mgonjwa ruhusa, akamweleza kwamba mwenye maradhi yasiyotarajiwa kuondoka hulisha maskini mmoja kwa kila siku asiyofunga. Mama hakuridhika mara moja. Alisema amefunga tangu akiwa na miaka kumi. Kilichomtuliza ni kupika yeye mwenyewe. Sasa kila Ramadhani, dawa ikiwaka saa tano, anaketi kwenye kiti na kusonga unga wa chapati, mimi nazichoma, na jioni kijana anazipeleka kwa yule jirani mjane. Na sala anasali kwenye kiti. Anasema saa ile ya kusonga unga ndiyo funga yake.

FundiMama

Wa alaikum salaam mdogo wangu, marahaba. Mbusu mama mkono kwa niaba yangu. Nimesoma ujumbe wako mara tatu.

MkeWaMwalimu

Nimefungua akaunti mpya ili niandike hili. Mume wangu ni mwalimu mstaafu. Hajawahi kucheza hata bahati nasibu ya kanisa. Mwaka jana daktari alimwongezea tembe nyingine juu ya zile za kwanza. Baada ya miezi kadhaa nikaanza kuamka usiku wa manane nakuta mwanga wa simu chini ya blanketi. Anabashiri mechi. Mechi za nchi ambazo hazijui. Amemaliza akiba ya kuezeka nyumba ya ushago. Nilipomuuliza alilia kama mtoto, akasema hajui ni nini kinamshika. Nimefikiria ana mwanamke, nimefikiria ana mapepo. Watoto hawajui. Naombeni msinicheke.

Nesi_Mstaafu

Hakuna wa kukucheka mama. Angalia jina la ile tembe mpya. Ni pramipexole au ropinirole? Kundi hilo la dawa, kwa baadhi ya wagonjwa, huamsha tamaa isiyozuilika: kamari, kununua vitu ovyo, kula, hata mambo ya chumbani. Limeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya pakiti, ila nani husoma karatasi ile. Mpigie daktari kesho asubuhi, umweleze kama ulivyotueleza sisi. Usimwachishe wewe mwenyewe, hupunguzwa hatua kwa hatua. Wengi hurudi walivyokuwa.

MkeWaMwalimu

Ni pramipexole. Nimesimama jikoni nikiwa nimeishika pakiti. Mungu wangu. Miezi minane nimekuwa nikimwita mwizi.

FundiMama

Mama, leo usiku mwamshe umwambie. Pesa zitafuatwa baadaye. Na simu yenye pesa ikae kwako mpaka daktari amalize kupunguza, yeye mwenyewe akikubali.

Mzee_Jericho

Nina miaka 74, miaka 11 na ugonjwa. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Kwangu iliyopotea ni sauti. Mke wangu akawa anasema "Nini?" mpaka nikaacha kuongea. Mtaalamu wa sauti akanieleza kwamba masikio yangu yananidanganya: ninapodhani ninapiga kelele, ndipo wengine wananisikia kawaida. Kwa hivyo kila asubuhi nasoma gazeti kwa sauti kubwa, ukurasa wa kwanza wote na wa michezo. Jirani wa ghorofa ya juu anapata habari bila kununua. Jioni natembea mizunguko minne ya mtaa nikirusha mikono kwa makusudi. Daktari aliniambia mazoezi ni sehemu ya matibabu kama tembe.

Mwaka 1996 nilimwona Muhammad Ali kwenye televisheni akiwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta. Mkono wa kushoto unatetemeka dunia nzima ikitazama. Wakati ule nilimhurumia. Sasa namkumbuka nikiwa na kikombe cha chai mbele ya wageni, na sikifichi tena chini ya meza.

KijanaWaKayole

Wadau, narudi na habari. Jumamosi nilimsomea baba uzi huu wote. Alinyamaza. Jumapili asubuhi nikasikia "kushoto, kulia, kushoto, kulia" sebuleni. Nikachungulia. Alikuwa ameshavuka mlango. Amefika getini na kurudi mara mbili. Leo ameniambia nimnunulie tepu nyeupe.

Ila usiku bado ni shida. Hawezi kugeuka kitandani, ananiita mara tatu, mara nne. Wewe mama unafanyaje?

FundiMama

Nimefurahi mpaka nimemwita binti yangu asome.

Usiku sasa umefika kwenye kazi yangu. Tatizo ni kwamba shuka ya pamba inashika nguo na mwili hauna nguvu ya kuvunja huo mshiko. Nunua satini, si lazima ya bei. Kwa kitanda cha futi 4 kwa 6, kata kipande cha upana wa sentimita 80 na urefu wa kukatiza kitanda chote, uongeze sentimita 30 kila upande za kukunja chini ya godoro. Kishone juu ya shuka ya pamba kuanzia usawa wa mabega hadi chini kidogo ya nyonga. Miguuni iache pamba tupu, kwa sababu visigino vinahitaji mahali pa kusukumia. Upande unaong'aa uwe juu. Pindo lilale bapa, usiweke mshono mnene katikati utakaomkwaruza. Na asivae pajama za satini juu yake, atateleza hadi chini. Avae pamba nyepesi.

Mfundishe: akunje magoti yaelekee juu kwanza, ageuze kichwa upande anaotaka kwenda, mkono uvuke kifua, halafu magoti yaangukie upande huo na mwili ufuate. Akiamka asisimame papo hapo, akae ukingoni mwa kitanda ahesabu hadi sitini, shinikizo la damu lipande.

Mashati yake yenye vifungo pia yalete. Nashona velkro nyuma, vifungo vinabaki mbele kama pambo, na mtu akimtazama haoni tofauti. Shati moja linanichukua dakika 40 asubuhi. Mimi niko dukani kuanzia saa moja. Ukija kabla ya saa tatu na nusu utanikuta na mkasi mkononi, na shuka tutaikata ukiwa umekaa hapo.